Shali la Mama, Koti la Dada

Mama yangu alinifumia shali la sufu hata meno ya pili sijaota. Enzi zile nguo hakuna, dukani unakuta rafu na buibui tu. Akaomba sweta kuukuu kwa masista wa misheni, akalifumua uzi kwa uzi, akafunga fremu ya vijiti nje ya nyumba yetu kule Kasoli, akafuma. Alifuma mpaka kuku wakadhani ile fremu ni mti, wakahamia kulala juu yake.

Kwetu hilo shali si la baridi. Baridi Bariadi itoke wapi? Ukijifungua mtoto wa kwanza, siku ya kumtoa nje unafunikwa shali alilofuma mama yako, wakwe waone huyu ana kwao. Huna shali, umeokotwa kama mbuzi wa mafuriko.

Mama akafariki. Shali akaachiwa dada yangu mkubwa, anitunzie.

Basi biashara ikaachiwa huru, mitumba ikamwagwa Bariadi milima kwa milima, jua lenyewe likawa linachelewa kutokeza. Nami nikajifungua pale hospitali ya Somanda. Siku ya kumtoa mtoto, dada kafika saa saba mchana na koti la manyoya, jasho linamtoka ungenywesha ng'ombe zizi zima. Mkononi ana blanketi la dukani lenye picha ya chui.

"Dada, shali la mama liko wapi?"

"Panya, mdogo wangu! Panya wa siku hizi wanakula hata bati."

Nikacheka. Uongo mtamu nautambua, mimi mwenyewe fundi wake.

Mara akaingia jirani yetu muuza mitumba, kafuata wali. Kumwona dada, akafurahi, akamwamkia Kisukuma: "Mayu, koti limekukaa! Na lile shali tulilobadilishana, Mzungu kalinyakua pale Lamadi. Anakwenda kulitundika ukutani."

Ukutani!

Dada akaangalia kuku. Mama mkwe akamnyooshea kidole yule chui: "Mkamwana, huyu ndiye mama yako?"

Wanawake wakavunjika mbavu.

"Jifunike basi," dada akaninong'oneza, akinitupia lile blanketi, "watu wanangoja."

Nikamrudishia chui wake. Nikambeba mwanangu, nikavuka kizingiti mabega wazi, mbele ya wakwe wote. Kigelegele cha kwanza alikipiga dada, kirefu kuliko vyote, kimetokea ndani ya lile koti.