Fundi wa Paa Aingia Mtoni

Fundi aliezeka mapaa kwa miaka thelathini, mpaka siku alipoteleza akaanguka na kuvunjika nyonga. Tangu hapo alitembea kwa mkongojo, na kazi yake ikawa kukaa barazani akikosoa mapaa ya majirani.

Likizo ya kiangazi, binti yake alimpeleka mtoni, mahali maji yanapotulia kati ya miamba. Wajukuu walijitosa mara moja. Yeye alikaa juu ya jiwe, viatu mguuni.

“Baba, ingia basi. Maji yanafika kifuani tu.”

“Na mguu huu? Mtanitoa kwa winchi.”

Binti alimvua viatu, akamshika mkono, wakashuka polepole. Baridi ilimkata pumzi. Lakini maji yalipofika kifuani, aliuhisi mguu umekuwa mwepesi. Akapiga hatua, kisha nyingine, ndipo akagundua kwamba hakuna aliyemshika.

“Umeniachia saa ngapi?”

“Kitambo.”

Alivuka hadi ng’ambo kwa miguu yake mwenyewe, akarudi, akavuka tena. Alikataa kutoka mpaka vidole vikakunjamana. Walipokuwa garini aliuliza likizo imebakiza siku ngapi.

“Nne, Baba.”

“Basi kesho tuje mapema, kabla watu hawajajaa.”