Usiseme Unacho

Karakana yetu ilikuwa Brooklyn Center, karibu na Minneapolis, nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika, chumba kimoja kirefu chenye mashine kumi za kushona. Tulishona sare za wauguzi na mapazia ya kugawa vitanda vya hospitali. Bosi alikuwa Mkenya. Sisi aliotuajiri tulikuwa tisa, Wakongo saba na Wakenya wawili. Mama mdogo wangu, aliyenifundisha kazi hiyo, alikaa kwenye mashine ya dirishani.

Majira ya baridi yalipokuwa yanaisha, alianza kutoona vizuri upande wa kushoto. Aligonga kona ya meza ya kukatia, akacheka. Akaigonga tena siku ya pili. Kliniki ya watu wasio na bima ikampima, ikasema presha ya jicho imepanda, mshipa wa jicho unakufa kidogo kidogo, na kinachokufa hakirudi. Walimpa matone. Upasuaji ufanywe mapema, walisema, ila pale hawaufanyi.

Mama mdogo hakuwa na bima. Mume wake aliendesha lori, na mapato yao wawili yalivuka kipimo cha kadi ya jimbo ya matibabu ya bure. Bima ya kujinunulia mwenyewe ina msimu wake wa kujiandikisha, na msimu ulikuwa umefungwa. Hakumwomba bosi kitu. Nadhani bosi aliona mwenyewe siku mama mdogo aliposhona mfuko wa sare nje ya mstari, akaufumua, akaushona tena palepale.

“Wasee, nataka tupate inshuaransi ya kazi,” bosi alituambia wakati wa chakula. “Ya kikundi. Mimi nalipa nusu.”

“Inshuaransi ndiyo kitu gani?” aliuliza mama mmoja Mkongo. “Sema asiransi, tukuelewe.”

“Asiransi si ni ya gari, mama?”

“Na mimi si gari? Sikiliza magoti yangu.”

Hata mama mdogo alicheka.

Kila mtu alipewa fomu, anayetaka na asiyetaka. Ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza: nataka bima hii. Cha pili: siitaki kwa sababu nina bima nyingine. Cha tatu: siitaki tu. Wakenya wawili walijaza cha kwanza bila kuuliza. Bosi akanipa mimi kazi ya kuwasomea Wakongo, kwa kuwa Kiingereza nilikuwa nimewazidi kidogo. Mama mdogo na kijana mmoja ambaye hakuwa na kadi walitaka. Tuliobaki tulikuwa watano, na sote tulikuwa na kadi ya jimbo.

“Tujaze wapi?” waliniuliza.

Niliangalia kisanduku cha pili, kile cha “nina”. Kwenye kambi ya wakimbizi tulikokaa Tanzania, walipokuja kuandika wanaohitaji blanketi, aliyesema “ninalo” alifutwa kwenye orodha, na mara nyingine alifutwa hata kwenye orodha ya sabuni. Mama yangu alitufundisha tungali wadogo: mtu mwenye karatasi akikuuliza, usiseme unacho. Nikawaza kwamba karatasi hii itafika kwa watu wa kadi, nao watasema, kumbe huyu amesema anayo bima nyingine, tumfute.

“Jazeni cha tatu,” niliwaambia. “Siitaki tu. Ni salama.”

Hakuna aliyebisha. Wote walilelewa kama mimi.

Baada ya wiki mbili wakala wa bima alikuja, Mmarekani mpole mwenye viatu vyenye matope ya theluji. Alizungumza na bosi, na bosi akatueleza. Sheria haimruhusu mwenye kampuni ya bima kumkataa mwajiri mdogo kwa sababu mfanyakazi wake ni mgonjwa. Lakini anaruhusiwa kudai kwamba robo tatu ya wafanyakazi waingie. Mwenye bima nyingine hahesabiwi kabisa. Anayesema siitaki tu anahesabiwa, tena kama aliyekataa. Sisi tulionekana wanne katika tisa. Fomu zilikuwa zimerudishwa.

“Watu watano!” bosi alisema. “Na nyote najua mko na kadi. Mngejaza cha pili, tungekuwa wanne kwa wanne. Nani aliwaambia mseme hamtaki?”

Hakuna aliyenitaja. Niliinamia mashine yangu nikijifanya natafuta uzi.

Wakala alitupa wiki moja ya kusahihisha. Nilibadilisha fomu yangu, na wanawake wawili wakabadilisha za kwao. Tukawa wanne katika sita. Bado haikuwa robo tatu. Tulimhitaji mmoja tu, na waliobaki walikuwa wawili: mama yule wa magoti na mzee mkata vitambaa. Mzee alisema, “Mama akiandika, na mimi naandika.”

Nilimfuata yule mama. Mtoto wake wa kiume ana ugonjwa wa seli mundu. Kila baada ya miezi michache analazwa, na ni kadi ya jimbo inayomlaza.

“Kumbe cha pili hakina neno,” nilimwambia. “Nilikosea.”

“Jana kilikuwa na neno, leo hakina?”

“Wakala amesema hawatakata kadi.”

“Wakala anauza asiransi. Nakuuliza wewe, binti yangu. Unajua kwa hakika hawatakata?”

Ningesema ndiyo, angeandika. Lakini sikujua, nikatikisa kichwa. Mtoto wake nilikuwa nimemwona akilia kwa maumivu ya mifupa kanisani, akibebwa nje.

“Basi,” alisema. “Mama mdogo wako ni dada yangu. Lakini jicho ni lake, na mtoto ni wangu.”

Tukiwa garini mama mdogo aliniambia, “Usimsukume. Hata mimi nisingeandika.” Aliendesha kichwa kikiwa kimegeukia kushoto ili aone barabara yote.

Ilibaki njia moja. Wakala alisema kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba sheria inamlazimu mwenye kampuni ya bima kumpokea mwajiri mdogo bila kuhesabu watu, na bima ingeanza Januari. Tulikuwa Aprili. Mama mdogo alitia matone asubuhi na jioni. Kiangazi alishona sare nyepesi tu. Septemba aliacha kuendesha gari, tukawa tunapanda basi. Novemba bosi alituma fomu siku ya kwanza kabisa, na safari hii zilipita.

Januari nilimpeleka kwa daktari wa macho Minneapolis. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanamke wa Kiswahili kizuri.

“Daktari anasema jicho la kushoto halina tena cha kuokoa. Atafanya upasuaji wa la kulia, ambalo nalo limeanza, ili lipoteze nuru polepole.”

“Muulize,” mama mdogo alisema. “Kama ningekuja mwezi wa nne?”

Mkalimani aliuliza. Daktari akasema kwamba hawezi kujua. Alisema akiangalia karatasi zake.

Sasa mama mdogo hashoni. Anakunja sare na kuzitia kwenye maboksi. Kadi za wenzetu hazikukatwa. Kadi ya mtoto yule bado inamlaza. Tukipita kushoto kwa mama mdogo tunasema “ni mimi”, ili asishtuke. Mama wa magoti husema kwa sauti kubwa kuliko wote, na mama mdogo humwitikia. Mimi sauti yangu ni ndogo. Nikisema, haisikiki juu ya mashine, naye hushtuka na kuangusha alichoshika.