Kichupa cha Kisukari

Watu wa Kisarawe walikuwa waje Alhamisi kumaliza mambo ya posa ya dada yangu. Basi likawaharibikia njiani, wakatuma salamu kwamba watafika Jumamosi. Shida ilikuwa mtungi. Shangazi alikwisha kuujaza maji ya ndizi kisukari aliyoyakamua, na katika joto la Kibaha maji hayo hayachelewi kuchacha yakawa pombe. Pombe, kwa mama mkwe ambaye hata siki haigusi! Posa ingeishia hapo hapo mkekani.

Nakiri nilikuwa mtu wa wasiwasi. Nilionja kila saa na kuandika daftarini: "Tamu. Tamu. Tamu kidogo? Tamu." Hadi Jumamosi asubuhi ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Nikakumbuka kitabu cha kemia kisicho na jalada, nilichojisomea peke yangu: dawa ya buluu ya zahanati, ikichemshwa na kitu chenye sukari, hugeuka nyekundu kama tofali. Sukari ikiwa imeisha kwa kuchacha, hubaki buluu. Nikajaza kichupa maji ya mtungini, nikaandika kwa herufi safi KISUKARI, jina la ndizi, na chini yake nyumba yetu. Mganga wa zahanati alikuwa nje akichanja watoto, nikakiacha mezani kwake.

Wageni walikwisha kuketi, dada kajifunika khanga, mganga akaingia na baiskeli mpaka uani, kichupa mkononi.

"Ndugu zangu, mgonjwa wa kisukari yuko wapi? Mkojo wake umetoa nyekundu tupu! Asitembee hata hatua moja!"

Mama mkwe akamtazama dada toka kichwani hadi miguuni. Shangazi akanitazama mimi.

"Si mkojo," nikasema. "Ni ndizi."

"Mkojo wa ndizi?" akauliza mjomba wa bwana harusi.

Posa ilikuwa inanifia mikononi. Nikampokonya mganga kichupa, nikanywa nusu. Mtu alipiga yowe; nadhani ni mganga.

"Subhanallah," akasema mama mkwe. Akakichukua, akanusa, akafikiri, akalamba ukingo.

"Kisukari hasa, tena haijachacha. Mkwe wangu, mnatuficha kitu kitamu hivi?"

Posa ikapita. Mjomba alikunywa bilauri tatu, ila kila mara aliuliza kwanza kama imetoka mtungini.