Askari Aliyekosa Kidole cha Mwisho

Niliacha ukarani mwaka wa pili wa Uhuru, nikatangaza kwamba mimi ni mwandishi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, nilitangaza tu. Baba mkwe alitaka kujua mwandishi wa ofisi gani, nami nikamjibu kwamba sina ofisi, najiandikia mwenyewe. Alimtazama binti yake kwa huruma, kisha akaaga.

Tulikaa Kombani, nyumba ya pili kutoka barabarani. Chakula chetu kilitoka kwenye mashairi. Miaka ile kila mtu alitaka shairi: la arusi, la kumpokea aliyerudi Makka, la kumkaribisha diwani, na zaidi ya yote la bendera. Nilitunga mashairi ya bendera hata ikawa nikiona nguo nyekundu kwenye kamba naanza kuhesabu mizani. Sisemi kwamba sikuyapenda. Ubeti ukikaa sawa, vina vikaangukia panapostahili, niliweza kushinda na furaha siku nzima.

Lakini mapenzi yangu yenyewe yalikuwa kwenye hadithi za kutisha. Tangu nikiwa mtoto Msambweni, mtu akianza kisa cha mzuka wenzangu walimsihi aache, mimi nikamsogelea. Mke wangu alizichukia. Hakutaka madaftari ya mizuka yalale chumba kimoja na Msahafu, basi mashairi yakakaa kabatini na mizuka ikakaa banda la kuku. Nilinung'unika siku mbili tatu, nikazoea.

Siku za soko, baada ya sala ya alasiri, jirani yangu fundi cherehani alinipa kiti barazani kwake. Alijua kwamba watu wakija kunisikiliza watatazama na vitambaa vyake. Nilianza na shairi, kwa adabu, kisha nikafungua daftari la banda la kuku. Wachuuzi wa mbuzi na wauza nazi, watu wazima wenye ndevu zao, walinyamaza kimya. Kipimo changu kilikuwa mguu wa fundi. Ukisita juu ya cherehani, nilijua nimewapata wote.

Hadithi iliyowapata kuliko zote ilikuwa ya askari. Kijana wa upande wa Kinango anapelekwa na Waingereza vita vya Bama, yaani Burma, anakufa huko, hazikwi. Miaka ishirini baadaye anarudi kwa miguu, mchana wa jua kali, akienda mlango hadi mlango kuomba maji. Uso wake hauonekani vizuri. Anabisha kwa mkono wa kushoto, na mkono huo hauna kidole cha mwisho. Mwenye nyumba anachungulia kwenye ufa wa mlango, anauona mkono ule, anatia komeo. Niliishia hapo, mkono ukiendelea kubisha. Niliuonea fahari mwisho ule kupita kiasi.

Kidole sikukibuni. Nilikuwa nimekisikia kwenye soko la mifugo Kinango, mzee mmoja akisimulia juu ya kijana aliyekatwa kidole na kamba ya ng'ombe, kisha akaenda vitani asionekane tena. Nikaona ni kitu kizuri, nikakichukua. Sikuuliza kijana alikuwa wa nani. Waandishi tuna tabia hiyo, na mimi sikuwa mwema kuliko wenzangu.

Wachuuzi waliibeba hadithi pamoja na mbuzi wao. Ilipofika Kinango haikuwa hadithi tena, ilikuwa habari: askari ameonekana Kombani, anaomba maji. Nilipoambiwa kwamba huko watu wanafunga milango adhuhuri nilicheka, nikamweleza mke wangu kwa majivuno. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama nina hakika kwamba ninawajua wote wanaonisikiliza.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja. Haikuwa siku ya soko. Tulikuwa wawili tu barazani, fundi akishona na mimi nikirekebisha shairi la arusi. Mama yule alikuwa mtu mzima sana, amevaa hando la marinda kiunoni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Nilimwamkia, akaitikia shikamoo yangu, lakini alikataa kiti mpaka kwanza aulize kama ni mimi niliyemwona askari. Kisha akakaa, akauliza mengine. Nilimwona wapi? Alikuwa amevaa nini? Alikuwa amekonda?

Alinieleza kwamba mwanawe alikwenda vitani na vijana wawili wa kijiji chao. Wale wawili walirudi. Juu ya wake hakuna karatasi iliyoletwa wala mtu aliyekuja na neno, na kwa sababu hiyo matanga hayakuwekwa. Ndugu walimshauri mara nyingi, naye akawajibu kwamba hamlilii mtu ambaye hajaambiwa kuwa amekufa. Tangu asikie habari za askari, kila asubuhi alitoa kibuyu cha maji akakiweka nje ya mlango wake. Mwaka ule Kinango hakukunyesha. Maji aliyafuata mbali sana, na yale ya kibuyu hakuyagusa.

Ningeweza kumdanganya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: nilimwona kwa mbali, ni mzima, anakusalimu. Kwa mtu wa kazi yangu lile lilikuwa jepesi kuliko ubeti mmoja. Lakini nilifikiria vile vibuyu, kila asubuhi, mpaka lini? Angekufa akimngoja mtu niliyemtuma mimi. Nilimwogopa mama yule kuliko nilivyowahi kuogopa mzuka wowote, na nilijionea haya.

"Mama, sikumwona mtu," nikamwambia. "Ni hadithi, nimeitunga."

"Na kidole?"

"Kidole nilikisikia sokoni. Sikujua kwamba kina mwenyewe. Nisamehe, mama."

Hakulia wala hakunilaumu. Aliniomba nimsomee. Nilikataa, akaniomba tena. Nikaenda kulitoa daftari banda la kuku, nikasoma kwa sauti ya chini, nikiruka maneno niliyoyaonea aibu. Alisikiliza mpaka pale mlango ulipotiwa komeo.

"Huyo mwenye nyumba, kwa nini hakumfungulia?"

"Aliogopa, mama."

"Alimwogopa mwanangu?" Hakuwa na hasira, alishangaa tu. "Nani wa kumwogopa mwanangu? Yeye alikuwa akiogopa hata jogoo."

Fundi aliinama juu ya kitambaa chake. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwetu akisikia yote, alikuja akamshika mkono, akamwingiza ndani, akampa chakula. Alipokuwa akingojea basi la kurudi, mama aliniuliza kama kitu kilichokwisha kuandikwa chaweza kubadilishwa. Nikasema chaweza. Basi nimfungulie, akasema, anywe maji, akae chini. Na nisimwite askari, nimwite kwa jina lake. Akalitamka jina, nikaliandika mbele yake, nikamsomea ili ahakikishe. Hapa silitaji, kwa kuwa alinipa kwa kazi ile moja.

Nakiri kwamba hata wakati ule kuna sehemu ya moyo wangu iliyonuna. Mlango ukifunguliwa, hadithi ya kutisha imekwisha. Nilizunguka na ukurasa ule siku tatu nikitafuta namna ya kumfungulia na bado watu waogope. Haikupatikana. Mwisho nilimwandika akibisha, akifunguliwa, akinywa maji, akiulizwa habari za safari, akisema ni njema ila amechoka. Sikuwahi kuandika kitu kilichokosa ufundi kama kile. Mke wangu alikisoma mara mbili, kisha akakiweka kabatini, kwenye mashairi.

Nilikipeleka Kinango mwenyewe. Mama alinikalisha kwenye kigoda uani, saa nne za asubuhi, akaita mabinti zake wakae nasi. Nikasoma polepole. Nilipofika kwenye jina, binti mmoja alifunika uso kwa kanga. Niliambiwa baadaye kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyethubutu kulitaja uani pale, kwa kuchelea kumuumiza mama.

Nilipomaliza, mama aliniomba nirudie tangu pale alipofunguliwa. Nikarudia. Akaniomba tena, nikarudia mara ya tatu, naye akawa ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

"Basi amefika," akasema. "Sasa twaweza kumlilia."

Akalia, na wanawake wa nyumba za jirani wakaanza kuja.