Mhakiki wa Gemu Anayeifunika Televisheni Kwanza

Saa nne asubuhi, sebuleni kwao, mhakiki wa gemu anatandika shuka la kitanda juu ya televisheni. Analivuta pembe hadi kioo chote kinapotea, anarudi kwenye kochi, anashika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili na kuanza kupigana na adui asiyemwona.

Anapigwa. Anapigwa tena. Kwenye spika zilizowekwa kushoto na kulia zinasikika hatua, mguno, kisha kishindo cha mtu kuanguka, na anayeanguka ni yeye.

"Msinicheke," anasema, ingawa hakuna aliyecheka. "Kila kazi ina aibu zake."

Kazi yake ni kucheza gemu mpya na kuwaambia watu kama zinafaa. Ukurasa wake hutoka gazetini kila Jumamosi, na kila gemu huipa alama kati ya kumi, ndiyo maana wasomaji humwita Mama Alama. Ana miaka arobaini na mitatu na hana simile. Gemu ya kilimo iliyosifiwa na kila mtu aliipa nne. "Mahindi yanakomaa kwa dakika mbili, halafu unaambiwa utoe pesa za kweli ununue mbolea," aliandika. "Huyo si mkulima mwenzangu, ni dalali."

Ya mbio za magari aliipa sita, kwa kuwa magari yalipendeza lakini barabara zilikuwa zilezile za mwaka juzi. Kuhusu ya kutisha alisema zimwi linatisha kwa nusu saa, baada ya hapo mnazoeana kama majirani. Ya mafumbo, iliyotengenezwa na vijana watatu wasiojulikana, aliipa tisa na akaitetea kama mwanawe wa kumzaa.

Malipo si ya kutajirisha mtu. Makala za mwezi hulipa kodi ya nyumba na dawa ya macho, basi. Mengine hutoka kwenye cherehani iliyo kwenye kona ya chumba.

"Watu wanadhani nimekaa nacheza," anasema. "Hebu njoo ucheze gemu mbaya mpaka mwisho wake. Ukitoka hapo mwenyewe utaomba jembe."

Dawa ya macho ni ya mumewe. Walikutana kwenye kibanda cha gemu ambacho Mama Alama alikuwa akikisimamia enzi za usichana wake, mume akiwa kijana asiyefungika kwenye gemu za mpira. Vijana wenzake walimpa jina la Kapteni, na hadi leo mkewe hamwiti vingine.

"Alikuwa ananifunga halafu ananicheka, mpaka nalia kwa hasira," anakumbuka. "Nikaona bora nikubali kuolewa naye, labda atanihurumia. Wapi!"

Presha ya macho ilianza kama ukungu pembeni, ikala polepole hadi katikati. Macho yalipozima kabisa, miaka minne iliyopita, Kapteni aliweka pedi chini. Tangu hapo, katika kila gemu inayopita mikononi mwake, Mama Alama anatafuta ile moja ambayo mumewe ataweza kuicheza kwa masikio. Shuka lilianzia hapo.

Lakini mwaka jana lilimponza. Ilikuja gemu ya kutafuta hazina. Mama Alama akaimaliza yote akiwa anaona, kisha ndipo akafunika televisheni na kuicheza upya. Ikateleza kama mafuta. Akaandika kwa furaha: alama tisa, hata asiyeona ataicheza. Kapteni aliposomewa makala hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akaomba pedi.

Chumba cha kwanza tu kilimshinda.

"Mimi nilishakariri njia," anasema Mama Alama, na sauti inashuka. "Nilidhani nasikiliza, kumbe nakumbuka. Yeye akawa anagonga ukuta, anagonga, anagonga. Mwishowe akaiweka pedi mezani taratibu. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona."

Aliwaomba radhi wasomaji na kuishusha gemu ile hadi tano. Siku hizi shuka hutangulia, macho hufuata. Kapteni hakuigusa pedi tena.

Mpangilio huo unamchelewesha, na mhariri wake hafichi kero. "Wenzake wanaandika siku ileile gemu inapotoka, yeye ananiletea wiki nzima baadaye," anasema. "Nimemsema hadi nimechoka. Ila wasomaji wanamsubiri, sasa nifanyeje?"

Pale sebuleni, Kapteni amekaa karibu na dirisha, akikunja nguo zilizokauka. Anazipapasa mishono kujua mbele na nyuma. Kila mkewe anapoanguka, mikono yake inasimama kidogo.

"Kushoto!" anaropoka ghafla. "Yuko kushoto kwako, mama. Humsikii anavyoburuta mguu?"

"Nasikia makelele tu."

"Basi una masikio ya mapambo."

Pedi ya pili iko kwenye mkono wa kochi, imejaa chaji. Haikosi kuwa hapo. Mama Alama hampi. "Nikimpa atakataa," ananong'ona. "Akitaka, anajua ilipo."

Akiulizwa anatamani nini maishani, hafikiri mara mbili. "Ghorofa sina haja nalo. Nataka ukurasa wangu uwe wa wahakiki wawili, mimi na yeye. Na nataka anifunge, anicheke kama zamani."

Anaanguka mara nyingine. Kapteni anaguna, anaweka shati kando, ananyanyuka. Anaigusa meza kwa goti kujua alipo, anafika kwenye kochi, na mkono wake unatua juu ya pedi.

"Toa hilo shuka," anaamuru. "Wewe cheza na macho yako. Mimi sitaki kubebwa."

Mama Alama anatii, anaiweka gemu kwenye pambano la watu wawili. Pambano la kwanza linaisha kabla halijaanza vizuri, Kapteni chali. Mkewe haangalii kioo, anaangalia mikono ya mumewe kama itaishusha ile pedi. Kidole gumba kinatafuta kitufe cha kuanzia, kinakikosa, kinakipata.

"Tena," anasema Kapteni.

Machozi yanamtoka Mama Alama waziwazi, na mpiganaji wake amesimama katikati ya uwanja akila makonde.

"We mama, mbona hupigani?" anafoka mumewe. "Nimesema sitaki kubebwa!"

"Napigana," anasema, akifutia pua begani, na mpiganaji wake anamrukia wa mumewe.