Tupatane, Lakini na Nani?

Mdogo wangu alipotoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, aliipa jina la wimbo mmoja uliomo: "Tupatane". Ukunda nzima ikaupokea. Vijana wa bodaboda waliotoka bara, ambao kwao kupatana ni kukutana tu, wakaufanya wimbo wa miadi. Hoteli moja ya Diani ikawa inaupiga wachumba wakiletewa keki. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, maana kwetu pwani watu hupatana baada ya kugombana.

Sasa yeye aligombana na nani? Udadisi ni maradhi yangu, sikatai. Nilipomuuliza alisema ni wimbo wa amani ya nchi. Nchi! Mtu ambaye Idi iliyopita alikutana na binamu yetu, mtoto wa mjomba, barazani kwa mama, wakasalimiana kwa kidevu. Wawili hao waliimba pamoja tangu shuleni, mdogo wangu akianza, binamu akiitikia, mpaka walipokosana juu ya nani awe wa kuanza. Mimi niliogopa kwamba watakuja kupeana mkono matangani.

Siku moja nilikuwa nakuna nazi, redio ikaupiga. Kila baada ya "mlango sijaufunga, tupatane", sauti ilikatika, ikabaki ngoma peke yake. Kwanza nilidhani fundi wa studio amesahau kitu. Ngoma ilipobaki peke yake mara nyingine, niliacha kukuna. Jioni ile wali ulikosa tui.

Kesho yake nikaenda Mwabungo. Binamu hutengeneza spika uani kwa mjomba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeusikia wimbo wa mwenzio?"

"Si ule wa wachumba?" akasema, macho kwenye nyaya.

"Na wewe umekuwa mtu wa bara?"

Nikaupiga kwenye simu. Ilipofika ile nafasi, akaiweka bisibisi chini. Nafasi ya pili ilipofika akaitikia, kwa sauti ndogo, maneno ambayo hakufundishwa na mtu: "Nami sijaenda mbali."

Machozi yalinitoka, na sikuyaficha. Nikauzima wimbo, nikampigia mdogo wangu na kumwambia anyamaze asikilize. Simu nikaifungulia spika, nikaielekeza kwa binamu.

"Rudia," nikamwambia.

"Dada, aa, niache."

"Rudia, nimetumia nauli kuja huku."

Akarudia, safari hii kwa sauti yake kamili. Mdogo wangu akasema, "Mwambie ameingia mapema, kama kawaida yake."

Binamu akacheka. Akafuta mikono kwenye kikoi, akaichukua simu, akatoa salamu. Niliisikia ikijibiwa yote, mpaka wabarakatuhu.