Nilimjibu daktari "Fine, thank you", nikarudi kupasuliwa mara ya pili

Wakuu, heshima mbele. Nipeni masikio kidogo. Haya sikusimuliwa na mtu, kovu ninalo mwilini.

Mwaka 2006 nilikuwa naishi Perry Barr, Birmingham, nafanya care kwenye nyumba ya wazee upande wa Sutton Coldfield. Kazi yenyewe ni kuinua watu: kitandani, kitini, chooni.

Nikapata ngiri kinenani, wengine mnaiita henia. Nikapasuliwa, wakaweka kiwavu cha kuzuia isitokeze tena.

Wiki ya sita nikaitwa kukaguliwa. Wakati huo nilishaona kauvimbe kinenani, na jioni palikuwa panavuta.

Daktari akaniuliza, "How are you?"

Nikajibu, "Fine, thank you."

Mnanielewa wakuu. Kwetu mtu anatetemeka homa, ukimwuliza hujambo anasema sijambo, ndipo mazungumzo yaanze. Nilikuwa nasubiri aulize mara ya pili.

Hakuuliza, wala hakunipapasa. Akaandika nimepona, nirudi kazini. Nikaona aibu kumrudisha nyuma.

Miezi minane nimeinua wazee na uvimbe wangu, ukitokeza naubonyeza unarudi. Mchana mmoja, katikati ya shift, ukagoma kurudi. Nikaanza kutapika. Ikaitwa ambulance.

Hospitali walifanikiwa kuurudisha ndani, lakini wakasema keshokutwa napasuliwa tena.

Hapa nieleze taratibu, maana wengi hatulijui hili. Kupasuliwa mara ya pili pale pale si sawa na mara ya kwanza. Kovu la zamani limeshikamanisha nyama, na mishipa ya fahamu imejificha humo. Ikijeruhiwa, unaweza kubaki na maumivu kwa miaka. Na ngiri yenyewe inaweza kurudi.

Siku mbili chakula hakikupita. Kichwani nilikuwa na swali moja tu: nitaweza kufanya kazi tena?

Mke wangu hakunionea huruma. "Baba Rehema, wewe hata ukiwa kwenye jeneza, mtu akikusalimia utasema salama."

Asubuhi ya upasuaji akaja nesi Mkenya. "Habari ya maumivu, mzee?"

"Nzuri."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Maumivu mazuri ni yapi hayo? Mzee, hii si salamu, ni kazi. Nionyeshe kwa kidole."

Nikamwonyesha kinena. Halafu, kwa mara ya kwanza, nikamwonyesha na paja la ndani, palipokuwa panachoma kama pilipili tangu upasuaji wa kwanza. Hata mke wangu hakujua.

Nesi aliacha kucheka. Akamwita daktari mpasuaji. Daktari akasema huenda ni mshipa wa fahamu ulionaswa kwenye kovu, na afadhali amejua kabla hajashika kisu. Akabadilisha njia ya kuingilia.

Ni miaka mitatu sasa. Ngiri haijarudi. Kuchoma kumeisha, imebaki ganzi pajani ya ukubwa wa kiganja. Kuinua watu nimeacha, siku hizi nawapikia wazee wale wale.

Ila sidanganyi, hofu ipo. Nikipiga chafya, mkono unakwenda kinenani wenyewe.

Mliopasuliwa zaidi ya mara moja, tuambieni mnaendeleaje baada ya miaka. Msione haya, wengi tunawasoma kimya kimya.

Na wewe mwenye appointment wiki hii: kabla hujatoka nyumbani, andika kwenye karatasi panapouma, tangu lini, na kitu ambacho huwezi tena kufanya. Daktari akikuuliza hali, usijibu. Mpe karatasi.